Mama Mkwe Nyuma ya Ghala

Jana mama mkwe wangu alinikuta nimelala juu ya magunia, tumbo wazi, nakoroma.

Chanzo ni nyapara wetu hapa ghala la kahawa, Tarime. Alikuwa ananisimamia mgongoni hata nikijikuna. Nikamdanganya kwamba mama mmoja anayechambua kahawa mezani ni mama mkwe wangu, na mila haziruhusu tukae pamoja. Akanihamishia nyuma ya ghala. Nikastarehe siku tatu.

Jana mama mkwe wa kweli akaleta kahawa yake, akamwuliza nyapara, "Mkwe wangu Chacha hajambo?"

Nyapara akaja mbio, na mama mkwe akamfuata kwa kudhani naumwa.

"Chacha! Una wake wangapi wewe?"

Mama akafunika uso kwa kanga.

Rafiki yangu Mwita akaniambia, "Mpelekee mama mkwe mbuzi wa kuomba radhi. Na siku hiyo vaa shati."