Kifaduro Kilichonitenga na Mjukuu

Binti yangu alipojifungua huko Lobule, upande wa Koboko, nilifunga safari siku hiyohiyo kutoka Arua. Ni mtoto wangu wa pekee. Nilikuwa na kikohozi, lakini wakati wa vumbi nani hakohoi?

Nilimkuta bado yuko kituo cha afya. Nikiwa kwenye benchi la nje kikohozi kikanishika mfululizo, bila nafasi ya kuvuta pumzi, na nilipoivuta ikapita kooni kwa mlio mkali. Nikatapika palepale. Muuguzi akatoka.

"Mama, hii kikohozi iko na wewe toka lini?"

"Toka wiki ile ingine. Iko vumbi tu."

"Hapana vumbi. Hii iko kifaduro. Imerudi, tunaiona sana sasa. Wewe mutu mukubwa, utapona. Lakini ule mtoto ndani bado kupata sindano. Ikimushika, anaweza kuacha kupumua."

Kifaduro nilikisikia tu kwa mama yangu, kama ugonjwa wa enzi zao. Hapo nikamkumbuka mtoto wa jirani yangu kule Oli, mtaani kwangu Arua, aliyekuwa akikohoa mpaka macho yanakuwa mekundu. Nilikuwa nikimbeba kila siku.

Muuguzi alinipa dawa, akasema nikiimaliza sitaambukiza tena, ila kikohozi chenyewe kitakaa miezi. Binti yangu alinipungia mkono dirishani. Mtoto sikumwona.

Nikarudi Oli, ninakouza mandazi barazani kwangu. Wateja walisikia kile kikohozi wakaanza kununua kwingine. Wengine walinong'ona kwamba ni kifua kikuu. Nilikaanga kidogo, kisha kidogo zaidi, mwishowe nikawa nakula mwenyewe. Jioni binti yangu alikuwa akipiga simu na kuiweka karibu na mtoto. Nilimsikiliza akinyonya. Kikohozi kikianza, nilikata simu haraka, kana kwamba kingepita humo.

Dawa ilipoisha nilirudi Lobule. Muuguzi aliniambia sina hatari tena. Nyumbani kwake binti yangu alikuwa amenitandikia mkeka uani, akanijia na mtoto mikononi. Nilinyoosha mikono. Kikohozi kikanikamata.

Nilipoweza kuinua kichwa, uani hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Mama, usikasirike," alisema kwa ndani, akilia. "Najua nesi alisema iko sawa. Lakini naogopa."

"Mimi hapana kasirika, mwanangu. Kaa na mtoto."

Nilimaanisha. Hata mimi ningefunga. Niliacha mlangoni kapu la mihogo niliyomletea, nikaondoka. Njia nzima sikukohoa hata mara moja, na hilo ndilo lililoniliza.

Kikohozi kiliniacha polepole, bila mimi kujua siku gani. Binti yangu alimpeleka mtoto kwenye sindano zote za mwanzo za chanjo, na baada ya ile ya tatu akanijia Arua bila kunipigia simu. Nilikuwa nafagia baraza. Alimtoa mgongoni, akaniwekea mikononi.

Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Alinitazama, akakunja uso, akapiga kelele. Hakunijua.

"Nipe, Mama, atanyamaza."

"Wacha alie," nikamwambia. "Wewe kaa, kunywa chai kwanza."