Mama Alimtaka Yule Mwingine

Sitajifanya mtakatifu hapa. Nilimwonea wivu yule binti tangu siku aliyoingia darasani kwa mafunzo ya ukasisi, na hata leo nikimwona na beji ya hospitali kifuani, roho inaniuma.

Hospitali yenyewe iko Migori, na ilitaka kasisi mmoja tu. Masharti yalibandikwa kwa mlango wa ofisi: digrii ya theolojia, barua ya kanisa, cheti cha tabia njema kutoka polisi, utayari wa kuhudumia watu wa dini zote, na mafunzo ya wodini chini ya msimamizi. Nilikuwa na vyote isipokuwa hayo mafunzo. Digrii niliisomea likizo baada ya likizo, maana mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na watoto nilimwachia mama. Wodi zile nilizijua kabla wao hawajawaza kuajiri mtu. Wachimba dhahabu wa Masara wakifukiwa na udongo, wakiletwa miguu imevunjika, nani alikuwa akiwaombea? Mimi! Kwa hivyo nilijiandikisha nikijua kazi ni yangu.

Halafu akaja yeye, kutoka Rongo. Nilimfundisha shule ya Sabato akiwa mtoto, hata kufumba macho wakati wa maombi nilimfundisha mimi. "Mwalimu! Kumbe tuko pamoja!" akanikumbatia. Nikacheka kwa meno tu.

Katika mafunzo hayo, ukitoka kwa mgonjwa unaandika maneno yote mliyosemezana, yako na yake, kisha unayasoma mbele ya wenzako. Yangu niliyasoma kwa sauti ya mimbarini. Msimamizi wetu, mzee mpole, akaniuliza, "Na mgonjwa, yeye alisema nini?" Nikamwonyesha pale chini: "Amina." Darasa likacheka. Yule binti naye akasoma yake, na humo alichosema yeye ni "Mmh" na "Halafu?" Yaliyobaki yote yalikuwa ya mgonjwa. Eti hayo ndiyo yakasifiwa! Yawa, mtu anasifiwa kwa kunyamaza?

Mafunzo hayajaisha, mama yangu akalazwa hapo hapo, moyo umechoka. Boma lake liko Mbita, kwa marehemu baba, lakini alikuwa akiishi nami. Kila alipogusia habari za boma hilo na siku zake za mwisho, nilimkatiza: "Mama, shetani ashindwe! Utapona." Asubuhi moja nikafika na Biblia yangu, nikavuta kiti. Akanishika mkono.

"Mwanangu, leo usiniombee. Niitie yule msichana mwembamba unayesoma naye."

"Mama, si mimi niko hapa? Mimi mtoto wako?"

"Ndiyo maana. Niitie."

Nikamwita. Ningefanyaje? Nikaketi kwenye benchi la nje, pazia likavutwa, nikasikia mama anaongea. Mama huyo huyo ambaye kwangu alikuwa akijibu ndiyo na hapana! Baadaye akalia. Baadaye tena, Mungu anisamehe, nikamsikia anacheka. Kazi aichukue, nikasema moyoni, lakini na mama yangu pia?

Alipotoka nikamzuia pale kwenye korido. "Amekuambia nini?"

"Mwalimu, unajua siwezi kusema." Kweli, hilo nalo ni sharti la kazi, siri ya mgonjwa haitoki. "Muulize mwenyewe. Ila umwache amalize."

Nilitamani kumzaba kofi. Umwache amalize! Mtoto niliyemfundisha kufumba macho! Niliingia na hasira hiyo hiyo, nikauliza, nikafunga mdomo.

Mama akasema nyumba yake ya Mbita imeanguka kwa mvua. Kwetu, mama mwenye boma hazikwi bila nyumba yake. Akifa hana, watu wanasimamisha kibanda haraka haraka huku jeneza linangoja. "Sitaki kibanda cha matanga," akasema. "Nataka nyumba ambayo mlango wake nitaufungua mwenyewe, nikiwa hai." Neno "utapona" lilinijaa mdomoni. Nikalimeza. Nikamuuliza mlango uangalie wapi.

"Langoni, kama zamani. Nikikaa nione ziwa."

Kazi alipewa yule binti. Mimi nikarudi kwa chaki zangu, na siku za mapumziko nikawa njiani kwenda Mbita. Kaka yangu ndiye alichimba shimo la nguzo ya kwanza, kwa sababu mimi binti haifai nianze, lakini mabati nilichagua mimi, na mlango wa bluu nilichagua mimi. Mama aliporuhusiwa kutoka hospitalini tukampeleka. Akaufungua mlango kwa mkono wake, akazunguka ndani akigusa kuta, akaja kuketi kizingitini akitazama maboti upande wa Rusinga. Nilisimama kando yake nikingoja aseme neno.

"Pazuri," akasema. Akageuka akaangalia wageni waliokuwa uani. "Lakini yule msichana wangu wa hospitali simwoni. Si nilikuambia umwalike?"

Nikamwambia ana kazi nyingi siku hizi. Namba yake ilikuwa kwenye simu yangu, na sikuwa nimempigia.