Shikamoo Isiyofika

Binti yangu alipokuwa na miaka miwili nilimpa simu anyamaze, nikakate majani ya ng'ombe. Akanyamaza kweli. Nikirudi na mzigo kichwani namkuta palepale jikoni, simu inakaribia kugusa pua, nami najisifu kwa jirani kwamba nina mtoto mtulivu. Akafika miaka saba hivyo hivyo.

Mwaka huo akaanza kumpita bibi yake, mama mkwe wangu, bila kumwamkia. Huku Uru mtoto asipoamkia wakubwa, anayeaibika ni mama yake. Bibi alivumilia mara mbili, ya tatu akaniambia, "Mwanao ananidharau, au ndivyo unavyomfundisha?" Mimi mkono wangu mwepesi. Nilimchapa. Akalia akisema hakumwona, nikamwongeza kichapo kwa kusema uongo.

Kisha nikakata jani la isale pale mpakani mwa shamba, nikalifunga fundo, nikampa akaombe msamaha. Kwetu ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe. Bibi alikuwa akichuma kahawa na jirani yetu, nami nilisimama mlangoni nikichungulia. Mtoto akaenda taratibu, akapiga magoti, akamkabidhi jirani lile jani.

Jirani akacheka. Bibi hakucheka. Aliniangalia mimi, nami kesho yake nikapanda na mtoto gari la mjini.

Mjini daktari wa macho alimwonyesha herufi ukutani, hata ile kubwa ya juu hakuiona. Akaniuliza mtoto anashika simu muda gani kwa siku, na nje anacheza kwa saa ngapi. Nikamwambia anashinda nayo jikoni. Daktari akasema kushinda ndani akikodolea kitu cha karibu huenda kumechangia. Miwani itamsaidia, ila macho yenyewe hayatarudi yalivyokuwa.

Siku aliyovaa miwani alimwona bibi tangu kwenye migomba, akapaza sauti, "Shikamoo bibi!" Bibi akaitikia marahaba huku anajifuta machozi kwa kanga. Halafu akanigeukia. "Na wewe, jani lako liko wapi?"

Nikaenda mpakani nikakata. Sijawahi kuona mzazi akimpigia mtoto magoti, lakini nilipiga, nikamnyooshea lile jani. Akalipokea kwa mikono miwili, akalisogeza hadi puani kwa mazoea, miwani ikiwa usoni.

"Mama," akaniuliza kwa woga, "leo nimpelekee nani?"