Swichi Niliyoichagua na Dada

Jiko la stima lililetwa na mume wangu kutoka Mombasa, ambako alikuwa mpishi wa familia ya wageni waliokuwa wakihama kurudi kwao. Stima ilikuwa imefika kwetu Nunguni miaka michache tu kabla, na katika mtaa wetu hakuna mwingine aliyekuwa akipika bila moshi. Lakini jiko lenyewe lilikuwa la zamani. Koili zake zilikaa wazi, na vitufe vya kuzimia vilikuwa vimekufa, kwa hivyo lingewashwa na kuzimwa ukutani tu.

"Tafuta swichi ya maana," mume wangu aliniambia. "Nyumba ina watoto." Kisha akarudi Mombasa.

Sikujua lolote kuhusu swichi, ila dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa na fundi wa stima. Tukashuka pamoja hadi Makindu. Mwenye duka alituwekea swichi mbili juu ya kaunta.

"Hii nyeupe inakata waya moja," alisema. "Hii nyekundu inakata zote mbili. Ukizima, jiko limekufa kabisa, hata kama fundi alichanganya waya."

Nilisitasita. Dada ndiye aliyeamua. "Chukua nyekundu. Hiki si kitu cha kubahatisha." Nilimpenda sana siku hiyo. Njia nzima aliipakata yeye, ameifunga ndani ya leso yake.

Shemeji alikuja kuifunga nikiwa shuleni nafundisha. Niliporudi niliikuta ukutani, nyekundu, na kitaa chake kidogo kinawaka. Shemeji alikuwa bado hapo; nilimchemshia chai kwenye jiko hilohilo, akaisifu ile chai kama aliyeipika mwenyewe.

Dada alikuwa akitutembelea mara kwa mara na kitinda mimba wake, aliyekuwa ameanza kutembea. Niliona jambo moja, nikalicheka tu: hakumruhusu yule mtoto kuvuka mlango wa jikoni. Wanangu walikaa sakafuni kando ya jiko wakingojea chapati; wake alikuwa mgongoni, au ameachwa uani na kuku.

"Unaogopa stima na umeolewa na fundi?" nilimtania.

"Huyu ana mikono mitundu," alijibu, akitazama pembeni.

Kisha mama mkwe wangu akaja kutoka Kyuso, na ndengu zake kwenye gunia, na kama kawaida yake hakukubali kukaa bure. Mchana mmoja uji ulimwagika ukaganda kwenye koili.

"Ngoja nizime kwanza, mwaitu," nilimwambia, kama tunavyomwita mama. Nikabonyeza. Kitaa kikazimika. Alingoja koili ipoe, akachukua kisu, akaanza kuukwangua ule uji.

Sikusikia yowe. Nilisikia kisu kikigonga ukuta. Nilipogeuka alikuwa chini, mkono umejikunja kifuani, macho wazi lakini hanioni. Nilipiga kelele hadi majirani wakaja. Alikuwa anapumua. Kwenye zahanati walimfunga kiganja kilichoungua, na alipopata sauti aliniuliza polepole, "Si ulizima, mwanangu?"

Hakuniuliza kwa lawama, na hilo ndilo lililonichoma. Mume wangu alipofika aliuliza swali hilohilo. Jirani zangu hawakuuliza, lakini niliona wanavyonitazama. Hata mimi nilianza kujishuku.

Mume wangu alimwita fundi mwingine kutoka mji wa Wote. Alifungua swichi, akaichungulia, akaguna.

"Mama, hii si ya jiko. Inafanana rangi tu. Inakata waya moja, na hiyo moja si ile yenye moto. Ukizima, koili bado ina stima."

Nilitembea hadi kwa dada. Nilimkuta akipura maharagwe, shemeji hayupo. Kabla sijamaliza kusema alianza kulia.

"Alikuwa na kazi ya mtu mkubwa huko Wote," alisema. "Swichi ikakosekana, na yule mtu ana haraka. Akaweka yako kule, kwako akafunga hii ya rangi ileile. Alisema ataleta nyingine."

"Alikuambia lini?"

"Jioni ileile."

"Na ukanyamaza."

"Ni bwana yangu. Ningesema, nani angempa kazi tena hapa?"

"Mtoto wako ulimzuia kuingia jikoni kwangu," nilimwambia. "Wangu uliwaona wamekaa palepale, ukala chapati."

Nikamwacha na maharagwe yake, nikarudi nyumbani.

Shemeji alikuja na wazee wa kanisa, akaomba msamaha kwa maneno mazuri. Mama mkwe alimsamehe kabla hajamaliza, akamwombea, ingawa vidole vyake viwili havikukunjika tena na kazi yake ya kusuka vyondo, vile vikapu vya mkonge, iliishia hapo. Watu wakasema mambo yamekwisha. Mimi nilirudi Makindu peke yangu, nikanunua swichi nyingine, na fundi alipoifunga nilisimama nyuma yake hadi skrubu ya mwisho.

Na dada tunasalimiana. Tumekaa benchi moja kanisani miaka yote hii, na binti yake alipoolewa nilipika tangu asubuhi. Lakini zamani hakukuwa na neno nililomficha. Mwaka mmoja mwanangu alilazwa hospitali, na dada akasikia kwa watu. Alikuja kwangu mbio, jasho likimtoka.

"Mbona hukuniambia?"

Nilimwekea kiti, nikammiminia chai, nikamuuliza kama bado anatumia sukari.