Mtungi Uliopoza Kadi ya Picha

Kompyuta yangu ilikuwa na homa. Nasema homa kwa sababu sikuwa na neno jingine: ukiiacha ifanye kazi robo saa, kadi ya picha inachemka, kioo kinajaa mistari ya kijani, kisha kila kitu kinaganda. Kifeni cha ile kadi kilikuwa kimekufa. Fundi mmoja wa Kitale mjini aliniambia ninunue kadi nyingine, akasema kama mtu anayekutuma mkate.

Nilikuwa naishi peke yangu mtaani Tuwan, hapo Kitale, chumba kimoja, na mama alikuwa amezikwa kwetu Kanduyi, kule Bungoma, miezi michache nyuma. Ilikuwa miaka ya elfu mbili, simu za kupiga picha bado ni za wenye nazo. Mama akiwa hai, anatembea na kusema, alibaki kwenye kanda moja tu ya video, ya harusi ya dada yangu iliyofanyika Misikhu. Kanda yenyewe ilikuwa imechoka, na kila ikichezwa ilififia zaidi. Nilitaka kuiingiza kwenye kompyuta kabla haijafutika, na ile kadi ndiyo iliyokuwa na tundu la kupokea picha kutoka kwa deki ya video.

Shida ni kwamba mama alitokea karibu na mwisho. Kuipeleka kanda mbele sikuthubutu, kwa sababu deki yangu ilikuwa na tabia ya kutafuna kanda za wenye haraka. Basi mara mbili nilikaa nikatazama maharusi wakiingia kanisani, mchungaji akikohoa, halafu mistari ya kijani. Mara ya pili nililia, na hakukuwa na mtu wa kuniuliza nalilia nini.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja aliyepika pombe ya chang'aa mpaka polisi wakamzoea mno, akahamia chapati. Siku hiyo aliniletea mbili, akanikuta nimefungua kompyuta matumbo nje, napepea kadi kwa kifuniko cha sufuria.

“Ati iko na moto?” aliuliza. “Si uiwekee maji baridi, bana. Sisi mvuke wa chang'aa tulikuwa tunapoza hivyo.”

Akanipa kipande cha bomba la shaba kilichobaki kwenye kazi yake ya zamani. Nilikipondaponda katikati kikawa bapa bila kuziba, nikakikunja kikae juu ya chipu ya kadi, nikakibana kwa waya. Kwenye ncha zake nikachomeka ule mpira wa maji unaoonyesha ndani, ambao waashi hupimia usawa wa ukuta. Pampu sikuwa na uwezo nayo. Maji yangeshuka yenyewe kutoka juu, yapite kwenye shaba, yaangukie beseni, nami niyachote niyarudishe. Kilichokosekana ni chombo cha kuyaweka baridi.

Nikaenda Kanduyi kumwomba baba mtungi wa mama. Ulikuwa pale pale kwenye kona ya jikoni, na hakuna aliyeutia maji tangu matanga. Jivu la mekoni lilikuwa la zamani. Baba alisema siku hizi anakula kwa majirani, nikajua ananidanganya.

“Sasa kompyuta inakunywa maji?” aliuliza.

“Inapoa tu, baba.”

“Haya, chukua. Lakini hiyo mtungi usiache ikae kavu. Mama yako hakuwa anapenda.”

Mtungi hutoa jasho, na jasho hilo ndilo linalopoza maji. Nimekua nikijua hivyo, lakini niliuweka juu ya kabati, kompyuta chini yake kabisa, na kabla sijawasha stima matone yalishaanza kuidondokea. Jirani alicheka mpaka akashika mlango. Nikasogeza kompyuta kando, nikavuta maji kwa mdomo kwenye mpira kama dereva anayeiba petroli, nikawasha deki.

Chota kwa jagi, panda kiti, mimina. Maharusi wakaingia. Mchungaji akakohoa. Niligusa shaba kwa kidole, ilikuwa baridi. Chota, mimina. Wageni wakaitwa mezani, na hapo mama akatokea na jagi la maji, akiwanawisha mikono. Alipofika mbele ya kamera alisimama, lakini hakuitazama. Alimtazama aliyekuwa nyuma ya kamera ameshika taa, yaani mimi.

“Na wewe umekula?”

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba aliniuliza. Nilisimama juu ya kiti na jagi langu mkononi, maji yakianguka kwenye beseni, mpaka likakaribia kufurika, nikashuka kuchota tena.

Kanda iliisha salama. Jumapili iliyofuata nilimpelekea baba CD, na mtungi wa mama. Niliurudisha mahali pake, nikaujaza. Ilikuwa jioni, na mekoni hapakuwa na moto wala dalili ya moto. Tukakaa wawili mbele ya televisheni, maharusi wakaingia, mchungaji akakohoa. Kisha mama akaja na jagi lake, akasimama, akauliza.

Baba akajinyoosha kwenye kiti.

“Tumekula, mama watoto,” akamwambia. “Tumeshiba.”