Mlango Uliouma

Mume wangu alipooa mke wa pili alinunua sola mbili siku moja, duka moja, asije mtu akasema anapendelea. Moja alinifungia mimi, mke mkubwa, nyumba ya mbele. Nyingine akamfungia mwenzangu, kwenye nyumba mpya ng'ambo ya uwanja. Friji mbili, inveta mbili za kugeuza umeme wa jua, paneli zinazong'aa juu ya mabati. Watu wa Rwamgasa wakamsifu kwamba huyo ndiye mwanamume anayejua kugawa. Mwanamume anayegawa sawasawa vitu vya dukani, muulize anavyogawa vile visivyouzwa dukani.

Nasema wazi, nilikuwa na wivu na sikuuficha. Tulihama Mhunze hatuna kitu, na ujana wangu niliumalizia kwenye karasha lake, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nikibeba maji na kuwapikia vibarua. Karasha liliposhika hela, ndipo akaletwa yeye, akajengewa nyumba yenye mlango wa chuma uliopakwa rangi ya bluu. Mlango wangu mimi ni wa mbao, na chini umeliwa na mchwa.

Wote wawili tuliuza soda na maji ya baridi kwa wachimbaji. Kiangazi tulikwenda sambamba. Mvua zilipoanza, inveta yangu ikaleta vituko. Ikinyesha usiku, asubuhi jua likichomoza tu inawasha taa nyekundu, inapiga kelele, halafu inajizima, na haiwaki tena mpaka bati likauke. Soda zangu zinakuwa vuguvugu, na wachimbaji wanavuka uwanja kwenda kwa mwenzangu, ambako hakuna kinacholia. Kisha wanarudi na chupa zake zinazotoka jasho, wanakuja kunywea kwenye benchi langu kwa sababu lina kivuli. Jambo hilo lilinikata maini.

"Baba, mimi umeninunulia mbovu," nilimwambia mume wangu.

"Zote ni za aina moja."

"Mbona ya kule hailii?"

Akatazama pembeni. "Zoea tu, mke wangu. Wewe si mtu wa kushindwa na kelele."

Nizoee? Thubutu. Kila ilipolia nilisonya mpaka uwanja mzima ukasikia. Siku moja bombani, mbele ya wanawake wenzetu, nikamwambia mwenzangu kwamba hiyo baridi yake itamtokea puani. Wanawake wakacheka, na mimi nikarudi nyumbani na ndoo yangu roho imetulia. Sikujua kwamba maneno yale yanawekwa akiba.

Maana mvua zilipokolea, mlango wake ulianza kumuuma. Akiushika asubuhi, mkono unatetemeka hadi begani. Waya wa kuanikia nguo, alioufunga kwenye bati, nao ukawa unauma. Mbuzi aliyejisugua pale mlangoni alirushwa, akakimbia analia. Na mwanawe alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutambaa. Mwenzangu akawa anamfunga mgongoni kutwa, hata kwenye joto, akiogopa asije akaugusa.

Mama mkwe akaitwa kutoka Mhunze. Alitukalisha uwanjani asubuhi, tope tele, mbele ya shemeji zangu na majirani.

"Mlango wa mtu hauumi bure," akasema. "Kuna mtu kauwekea kitu. Na kuna mtu alisema bombani kwamba baridi itamtokea mwenzake puani."

Kisha akatamka kwa Kisukuma lile neno ambalo huku kwetu limewafukuza wanawake kwenye miji yao, na wengine limewapeleka kaburini. Wazazi wangu walishakufa, na watoto wangu ni wa ukoo huu. Nikitolewa pale ningetoka peke yangu, tena kama ningeachwa nitoke mzima. Nikamtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa ameinama, anachokonoa udongo kwa kijiti.

"Kama si wewe," mama mkwe akaniambia, "nenda ukaushike."

Nikaenda. Nilikuwa nimetoka kukamua ng'ombe, na miguuni nina gambuti zangu za mpira, zile ndefu. Nikaushika mlango kwa kiganja chote, nikaushikilia. Haukuniuma. Nikageuka nikiwa nimejaa ushindi, nikakuta nyuso zote zimekunjamana.

"Mmeona?" mama mkwe akasema taratibu. "Dawa haimuumi mwenyewe."

Mwenzangu akarudi nyuma na mtoto wake. Asubuhi hiyohiyo mlango ulikuwa umemtikisa yeye, na mimi umenipokea kama mwenyeji.

"Vua viatu," mama mkwe akaendelea. "Hakuna anayeapa na viatu."

Hasira zikanipanda. Nikazivua, nikazitupa, nikakanyaga tope kwa nyayo zangu, nikaupiga ule mlango kofi ambalo nilikuwa nimemwekea mwenye mlango tangu alipoolewa. Kilichofuata sikukielewa vizuri. Nilijikuta nimekaa topeni, meno yananiuma, mkono si wangu. Nikaanza kucheka, nikacheka mpaka shemeji zangu wakaniogopa.

"Mama," nikamwambia mama mkwe, "uchawi gani huu unaoogopa gambuti? Mwiteni fundi wa sola."

Fundi, yuleyule aliyetufungia, alifika mchana kwa pikipiki. Akazima kila kitu, akapanda juu ya nyumba zote mbili. Kote alikuta jambo moja: waya wa paneli umesuguliwa na ukingo wa bati hadi plastiki ikachubuka. Bati likilowa, umeme unavuja. Kwa mwenzangu ulikuwa unashuka na bati mpaka kwenye mlango wa chuma, na mwenye miguu mitupu kwenye tope akiugusa, unapita kwake kwenda ardhini. Inveta zetu zilitengenezwa kuzuia hilo, akasema. Zina waya wa kijani uliounganishwa na nondo ya shaba iliyochimbiwa nje. Umeme ukianza kuvujia ardhini mashine inajua, inalia na kujizima. Yangu ilikuwa inafanya kazi yake.

Akafungua ya mwenzangu. Waya wa kijani ulikuwa umekatwa, ncha imefungwa vizuri kwa utepe.

"Nani kaukata?" mama mkwe akauliza.

Fundi akamtazama mume wangu. "Mzee aliniomba. Nilimwambia ni hatari."

"Mvua za kwanza nayo ilikuwa inalia kila asubuhi," mume wangu akasema, bado ameshika kijiti chake. "Alikuwa ametoka kujifungua, hapati usingizi. Nilimwonea huruma."

Mama mkwe aliokota gambuti zangu, akazikung'uta tope, akaniwekea miguuni. Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yake, na niliipokea. Fundi naye akaniambia nishukuru, kwa kuwa miezi yote ile mashine yangu ilikuwa inanilinda.

Labda ningeshukuru. Lakini mimi nilikuwa nimesikia jambo lingine. Yangu pia ililia mvua nzima, na hakuna aliyemwita fundi aje kuninyamazishia. Mimi nilinyonyesha watoto wangu karasha likiunguruma nyuma ya ukuta na hakuna aliyenionea huruma. Mwenzangu alikaribia kuuawa kwa kupendwa, na bado nilimwonea wivu.

Fundi aliunganisha ule waya, akaagiza waya za juu zibadilishwe na kupitishwa kwenye bomba. Mvua iliyofuata, inveta zote mbili zikalia. Mwenzangu akatoka nje na mtoto, tukatazamana ng'ambo na ng'ambo ya uwanja. Yeye akatabasamu. Mimi, kusema kweli, nilifurahi kusikia na yake inalia.

Mabati yalipokauka, mume wangu alitoka na ngazi na waya mpya. Nikasimama mlangoni kwangu, nikasogeza benchi ili apite. Akanipita moja kwa moja, akaenda kuiegemeza ngazi kwenye bati la kule.

"Mama watoto," akaniita, "njoo unishikie. Kunateleza, na wewe ndiye mwenye gambuti."

Nikavuka uwanja. Akapanda. Alipofika juu akauliza, bila kutazama chini, kama nimeshika.

"Nimeshika," nikamwambia.