Ufuta Juu ya Ngoma Baridi

Mwalimu wetu wa fizikia alishatuambia kwamba mada ya sauti sisi watano wa mbele tutaiacha. Wanne ni viziwi kabisa, mimi nasikia kidogo kwa sikio la kulia. Aliona anatuhurumia. Iliniuma, maana mtihani hauna huruma.

Kusimama mbele za watu na kuongea siwezi, najijua. Nikamwandikia kikaratasi: "Mwalimu, tupe kipindi kimoja. Tukishindwa, tuiache."

Akakubali. Siku hiyo nikaazima ngoma ya shule, nikamwaga juu yake ufuta niliokuja nao kutoka kwetu Nandagala, nikapiga ili punje ziruke na sauti ionekane. Ufuta ukatulia tu. Nikapiga tena. Wapi! Mvulana mmoja wa nyuma akapaza sauti hadi mimi nikamsikia: "Viziwi na sauti, wapi na wapi!" Darasa likacheka. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwalimu alishaanza kufunga kitabu.

Ndipo rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, asiyesikia hata radi, akainuka. Kwao Kiegei baba yake hupiga ngoma za jando. Akaweka kiganja kwenye ngozi, akakunja uso, akaniambia kwa mikono: "Hii bado imelala. Mmeipasha moto?"

Jamani! Mvua ilikuwa ikinyesha tangu jana na stoo ya ngoma inavuja, ngozi imelegea kwa unyevu. Wenye masikio wote tulikuwepo, hakuna aliyewaza.

Tukakimbilia jikoni. "Leo mnapika ngoma?" mpishi akauliza, lakini akatupisha. Rafiki yangu akaizungusha karibu na moto, anaigusa, anaizungusha, mpaka akaridhika.

Tuliporudi alipiga mara moja tu. Ufuta ukatawanyika hadi kwenye shati la mwalimu! Akipiga polepole, punje zinatikisika. Akipiga kwa nguvu, zinapaa. Mwalimu akatuita wote tushike ubavu wa ngoma. Yule mvulana wa nyuma akaambiwa azibe masikio, mwenzake apige huku yeye ameegemeza kifua kwenye ngoma.

"Kumbe!" akasema, macho yamemtoka.

Nikamtafsiria rafiki yangu. Akamjibu kwa mikono, kwa utani: "Karibu kwetu, shemeji."

Mwalimu akafungua kitabu, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: SAUTI. Kisha akanigeukia: kesho nikawafundishe mkondo wa pili, mbele ya darasa.

Nikachukua kikaratasi kingine: "Mwalimu, hilo ndilo naomba tuliache."

Akakisoma, akacheka, akakitia mfukoni pamoja na ufuta uliomrukia. Kesho naenda. Rafiki yangu atapiga, mimi nitashika ngoma.